Utafiti wa Unga wa Viberiti

Jumatatu, 3 Juni 1974
Msaragambo tena, kazi ya wote! Kijiji kizima kikachimbe ndiva, ati bwawa hilo limejaa tope na kiangazi hicho kinakuja. Anaeli kagonga kipande chake cha reli alfajiri, ngo! ngo! ngo! Kupewa kazi ya kuita watu kumempanda kichwani.

Mgongo wangu ukakataa. Nikamwambia Mwenyekiti Elirehema kwamba reli sikuisikia. Akasema nitatozwa kuku. Papo hapo akili ikanijia: nikamjibu ndiyo maana nafanya utafiti! Natengeneza mlio utakaosikika hadi kijiji cha Mamba. Akauliza kwa kutumia nini hasa. Nikasema kwa sayansi ya kujitegemea. Hapo akalainika. Nimesamehewa kuchimba mpaka utafiti ukamilike.

Mpaka ukamilike! Basi hautakamilika.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwangua vichwa vya njiti za viberiti vya mke wangu, Dorkas. Unga nikauweka juu ya chuma, nikauminya polepole kwa nyundo. Kimya. Nikagonga kwa ghafla: pa! Kumbe unga huu haujali uzito, unajali kasi. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Kisha nikaogopa. Nikifaulu, narudi kwenye tope! Nikaunyunyizia maji, nikautia kwenye kopo, nikafunika.

Alhamisi, 6 Juni
Mwenyekiti kaja kukagua. Nimefunga nyundo kwa kamba, nikaipandisha hadi tawi la mgrivea, nikaiachia. Tii. Unga ukabaki umelala. Nikatikisa kichwa kitaalamu, nikasema kimo hakitoshi, kasi ni ndogo, nipewe mwezi mmoja. Akasema mwezi ni mrefu, Jumamosi nionyeshe hadharani. Anaeli akadakia kwamba hata mbuzi wake anajua unga uliolowa haulii. Wivu tu!

Nyumbani Dorkas kanuna. Viberiti vimeisha, duka la ushirika halina, anaomba moto kwa jirani. Tena kipande chetu cha ndiva anachimba peke yake. Nikamweleza kwamba sayansi ina gharama zake. Akanitazama kitambo, akatazama kopo, akasema sawa, Baba Chiku. Nilipenda alivyonielewa.

Jumamosi, 8 Juni
Maonyesho. Hata Bwana Shamba kapanda kutoka Same. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Unga mbichi, na hotuba ya kushindwa nilikuwa nayo mdomoni. Nikaagiza reli ya Anaeli ishushwe chini, nikamimina kopo zima juu yake. Nyundo ikapanda mpaka mwisho wa kamba. Nikaiachia.

PAA!

Mungu wangu! Nikajikuta chali. Nyusi hazipo. Masikio yanalia. Na Dorkas anapiga vigelegele! Akawaeleza watu kwamba ukungu wa milimani ulikuwa unanilowanishia unga, kwa hiyo jana alilianika kopo juani, ila mbali na mafiga, maana si mjinga. Nina mke mwenye mapenzi, lakini anapenda wakati mbaya.

Hazijapita dakika nyingi, watu wakamiminika na majembe kutoka vijiji vya jirani, wakiuliza msaragambo uko wapi. Mwenyekiti akatangaza kwamba utafiti umekamilika. Nikapigiwa makofi. Kisha akanikabidhi jembe, akasema kwa desturi yetu aliyeita watu ndiye hutangulia kuchimba. Anaeli alinipokea koti, akalikunja vizuri kabisa. Shetani yule!

Jumatatu, 10 Juni
Malengelenge mikono yote miwili. Natangulia mimi kwenye tope, Dorkas kakaa kivulini anakula muwa. Mwenyekiti kasema mke wangu amekwisha chimba sehemu yake na yangu, apumzike.

Mchana jembe langu likagonga jiwe, cheche zikaruka. Nikasimama. Nikagonga polepole: hakuna. Nikagonga kwa kasi: cheche! Maana yake majembe ya kijiji yanalika bure, na hakuna anayechunguza. Nikamwendea Mwenyekiti mbio. Nikamwambia jambo hili linahitaji mtafiti wa kudumu, mtu wa kukaa ukingoni na kutazama wenzake wanavyogonga. Akasema nirudi nikachimbe.

Hakukataa.

Jioni nimemwomba Dorkas aniazime jembe lake, nililinganishe na langu. Akatabasamu, akasema sawa, Baba Chiku.