Majogoo Arobaini kwa Oda ya Toronto

Jumatatu, 29 Novemba 1999

"Kuku hauzwi kwa waya. Mnunuzi lazima amshike kifua." Ndivyo alivyotangaza Makhanu, mchuuzi wa kuku, leo sokoni, ameegemea baisikeli yake yenye matenga mawili. Upuuzi! Nimemuuliza papo hapo: je, na barua huishika kifua kabla ya kuisoma? Watu wamecheka. Nadhani wamemcheka yeye.

Ukweli ni huu. Philemon, katibu wa chama cha watu wetu walioko Toronto, ameniandikia barua pepe. Wanachama arobaini wanataka kuwapelekea mama zao kuku wa Krismasi. Wao wako huko, mimi niko hapa, na katikati ipo kompyuta ya Bi Mideva, pale juu ya duka la viatu, inayopiga simu Nairobi huku ikiguna kama ng'ombe anayezaa. Huo ndio mfumo! Sharti moja tu: nipeleke kwanza kuku watatu wa majaribio. Akina mama wakithibitisha, oda nzima ni yangu.

Nimeshanunua majogoo arobaini. Kwa pesa ya mwisho niliyopewa nilipopunguzwa kazini. Vitabu vinasema mwenye bidhaa mkononi humshinda mwenye ahadi. Wako sebuleni. Mke wangu Abigail ameuliza kama vitabu vimesema pia yeye akae wapi.

Jumatano, 1 Desemba

Jogoo mmoja amepiga chafya. Kideri? Mungu wangu! Ugonjwa huo humaliza banda zima kwa siku mbili. Nimemtenga kwenye beseni la kuogea. Nimemsikiliza asubuhi yote. Hakupiga tena. Kwa nini amenyamaza?

Nimekwenda kwa Bi Mideva kujaza jedwali: jina la mteja, jina la mama, kijiji, uzito wa kuku, rangi ya manyoya. Bi Mideva ameuliza mbona hakuna safu ya tabia za mama. Nimemweleza kwa upole kwamba mkakati haushughuliki na tabia za watu. Akasema haya, mzee, lakini kuku huenda kwa watu.

Ijumaa, 3 Desemba

Mayoni, kwa Mama Roda, mamake Philemon mwenyewe. Nimemkabidhi jogoo. Amelia, amenibariki, amemwita jirani aje aone. Nikasimama niondoke.

Akaniuliza nimelelewa na nani. Mgeni aliyeleta habari za mwanawe kutoka ng'ambo atoke na njaa? Kijiji kitasema nini? Nikakaa. Punde nikasikia kelele nyuma ya jiko. Sauti niliyoijua! Ilikuwa imeniamsha siku nne mfululizo.

Obusuma, ugali wetu, ikaja, mchuzi ukaja, na firigisi ikawekwa mbele yangu, kama anavyowekewa mwanamume wa heshima. Nani anakataa firigisi? Ni kumtukana mwenye nyumba. Nimekula. Kwa bahati mbaya alikuwa mtamu.

Kwenye jedwali nimeandika: "Amefikishwa." Si uongo. Alifika.

Jumatatu, 6 Desemba

Barua ya Philemon. Amempigia mamake simu dukani Mayoni. Mama amesema hana kuku yeyote, ila alipata mgeni mzuri sana, aliyekuja na kuku wake na akamla vizuri. Philemon anauliza, kwa heshima zote, mzee wangu, kama nauza kuku au natembea nao kama chakula cha njiani.

Nimebakiza mama wawili. Nikishindwa hapo, itabidi nimpigie Makhanu magoti anunue majogoo wote. Kamwe!

Jumanne, 7 Desemba

Chekalini, kwa Mama Navalayo. Leo nilikwenda na mkakati. Kabla hajafungua mdomo nikamwambia ninaumwa tumbo na daktari amenikataza nyama. Akaniambia pole sana, baba. Akawaita wanawake wawili wa kanisa lake. Wakaniwekea mikono tumboni, wakaomba kwa muda mrefu, macho yamefumbwa. Nikafumba yangu pia, nikimshukuru Mungu kwa akili aliyonipa.

Nilipoyafungua, Mama Navalayo alikuwa ananyonyoa. Mgonjwa hapewi nyama, amesema, hupewa supu. Nimekunywa bakuli tatu, wote wakinitazama.

Jumatano, 8 Desemba

Tumbo linauma kweli.

Wa tatu alikuwa wa Mama Jeruto, Buyangu. Nikiwa kitandani, Abigail amemkabidhi Makhanu jogoo huyo ampeleke, eti kwa kuwa anapita huko. Bila kushauriana na uongozi! Na Makhanu kamkataa jogoo. Amesema jogoo aliyeletwa na mgeni huliwanga na mgeni, hata mtoto anajua. Kachukua kuku wake mwenyewe, mtetea mwenye vifaranga sita, akaondoka akicheka: "Nani atamchinja mama ya watoto?"

Hujuma! Hakuna vifaranga kwenye jedwali langu!

Ijumaa, 10 Desemba

Philemon ameandika. Mama Jeruto ameshangilia kwenye simu na kuvihesabu vifaranga kimoja kimoja. Chama kimeamua: kuku arobaini wenye vifaranga, kutoka kwa "yule mzee wa baisikeli". Mimi nimeshukuriwa kwa kuwaunganisha.

Jioni Makhanu amekuja, kofia mkononi. Amesema, ndugu yangu, wewe ni msomi, uwe unanisomea hizo barua za kompyuta, nitakulipa kuku mmoja kila wiki. Nimesimama. Nimemweleza historia ya wapinga maendeleo tangu enzi za mashine ya mvuke. Nilipofika kwenye sura ya reli, Abigail alikuwa ameshamuuzia majogoo wote thelathini na wanane, akiwemo yule wa beseni.

Jumapili, 12 Desemba

Sebule ni tupu. Nimefikiri siku nzima. Mfumo haukukosea. Kosa ni la bidhaa! Kuku ni mdogo: anamtosha mgeni mmoja, basi analiwa. Lakini nani amewahi kumchinjia mgeni mmoja mbuzi?

Nimelipa malipo ya kwanza ya mbuzi kumi na wawili. Abigail bado hajui. Mbuzi ni mkaidi na njia zina matope, kwa hiyo kila mmoja nitampeleka na wanaume sita. Nimefuta safu ya manyoya na kuweka ya pembe. Kesho Bi Mideva atatuma haya:

Ninyi wanachama arobaini wa Toronto! Acheni kusikiliza watu wa baisikeli. Tumeni oda zenu za mbuzi kabla ya Ijumaa, bila visingizio. Na wajulisheni mama zenu mapema: tutafika watu saba, tukiwa tumetoka mbali.