Urefu wa Asubuhi

Jumatatu, 9 Machi

Jeshi linatafuta matabibu. Usaili Alhamisi, Tarime. Nimejisomesha utabibu kwa kuuza mayai ya kuchemsha stendi ya Mugumu. Nafasi hii ni haki yangu. Tatizo urefu. Jirani yangu Dullah, fundi seremala, ana shemeji askari. Anasema wanataka mita moja na sentimita sitini na tano. Nimejipima. Asubuhi nazidi nusu sentimita. Jioni napungua nusu. Chuoni tulifundishwa: ukisimama kutwa, uti wa mgongo unasinyaa. Gati, niliyesoma naye, ni mfupi kuliko mimi na anaenda hivyo hivyo. Namhurumia.

Jumatano, 11 Machi

Dawa nimeipata. Sisimami. Nimeazima machela ya zahanati. Kesho Erasto, mchuuzi wa mbuzi hapa mtaani, anapeleka mbuzi Tarime kwa pikapu yake. Atanifikisha nimelala mpaka mlangoni kwa afande. Ameniuliza, "Mura, sasa hiyo miguu unaitunzia nani?" Hana elimu ya afya.

Alhamisi, 12 Machi

Safari njema, ila mbuzi mmoja alinikalia kifuani nusu ya njia. Tukafika Bomani, Erasto na kijana mmoja wakanibeba na machela yangu. Foleni ndefu. Walipoona machela wakapisha wenyewe, mgonjwa apite. Nikapita. Nilijipongeza mapema.

Gati akanitambua. Akamkimbilia daktari wa jeshi, mama mmoja mwenye cheo cha meja, akampa shikamoo, akamsihi amwokoe mwenzake. Meja akaniuliza naumwa nini. Nikamweleza siumwi, natunza urefu. Akanimulika tochi machoni, jicho moja moja. Akaagiza nitundikiwe dripu na nisiinuke mpaka iishe.

Ndiyo amri pekee ya jeshi niliyowahi kupewa, na nimeitii. Usaili ulifungwa saa kumi. Dripu iliisha saa kumi na moja.

Jumamosi, 14 Machi

Gati kapigiwa simu, amechaguliwa. Amekuja na ndizi kunijulia hali, akanishauri nipumzike. Anasema urefu hakupimwa mtu. Waliulizwa vyeti na namna ya kuzuia damu. Bahati yao. Mwakani watapima tu.

Kosa langu ni machela. Ukilala wazi, kila mwenye huruma anataka kukutibu. Jeneza lina mfuniko. Na maiti haulizwi sanda, sembuse ugonjwa. Dullah amekubali kunitengenezea moja la mbao za bei nafuu. Ameniuliza urefu wangu.

Nimemwambia aje anipime asubuhi.