Habari za Sévère Mwenye Mabega, na Namna Alivyoketi

Tegeni masikio, enyi mnaoanika muhogo kando ya barabara ya Sange, nanyi mnaopalilia mpunga hata magoti yakalowa; wekeni chini majembe, wanyamazisheni watoto, niwasimulie jambo kuu lililotukia mwaka wa pili wa uhuru, siku ambayo Sévère Mwenye Mabega, jemadari wa wabeba wagonjwa, aliketi kitini.

Msicheke. Kiti chenyewe kilikuwa kipoyi, kile cha miti miwili ambacho mzungu wa Leta, yaani wa serikali, alibebwa nacho kijiji hadi kijiji, na Sévère alikuwa miongoni mwa waliokibeba, miaka kumi na miwili, juani na mvuani. Mzungu alipoondoka mbio, kiti kilibaki, na watu wakataka kukichoma. Sévère akakinyakua motoni, akakusanya wanaume wanane wa kujitolea, akakifanya gari la wagonjwa, maana gari jingine hatukuwa nalo. Wagonjwa thelathini na mmoja aliwafikisha zahanati wakiwa hai. Ila mbele ya soko zima alikuwa ameapa kwamba yeye mwenyewe hatapanda kamwe juu ya mabega ya mtu.

Basi jembe, adui asiye na adabu, likamkata mguu shambani. Siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba, homa imepanda, na muuguzi Étienne akatuma neno kutoka zahanati ya Sange: aletwe leo, la sivyo mguu utakatwa. Jeshi la wabebaji likajipanga uani, Ndikumana Asiyechoka akiwa mbele. Shujaa akawatazama, akaomba fimbo ya kutembelea. Akapiga hatua mbili, akaanguka juu ya kuku.

Ndipo aliposimama Bernardine mkewe, ambaye ulimi wake haujawahi kushindwa vita, akamgeukia mumewe, akanena:

"Baba Generose, bibi ya Pierre, ule ulibeba na mimba yake, alikuwa muzungu? Muzee Ezechiel naye, alikuwa muzungu? Na hawa bandugu, nani aliwaita na fimbo? Wamekuja benyewe. Kama weye unakataa, uko unasema bagonjwa bote benye ulibeba walikuwa wanatesa batu."

Sévère aliona aibu, na hakuificha. Akashika mikono ya kiti, akashusha kalio la kulia, akafikiri, akashusha na la kushoto.

"Nimekubali," akasema. "Lakini mutu asiimbe."

Tulijua sababu. Wimbo wa kipoyi aliutunga yeye mwenyewe, wa kumtukana aliyeketi juu, na mzungu, asiyeelewa neno hata moja, alikuwa akiupigia makofi.

Wakaondoka kimyakimya. Lakini wabebaji wasioimba hupishana hatua: Ndikumana akatanguliza mguu wa kulia, Libérat nyuma yake wa kushoto, kiti kikayumba huku na huku. Katikati ya kijito mguu mgonjwa ukagonga mti wa kipoyi, na Mwenye Mabega akatokwa machozi. Wakasimama majini, hawathubutu kusogea, na Sange ilikuwa bado mbali.

Kisha sauti ya kukwaruza ikashuka kutoka kitini:

"Tumebeba nini?"

Wakatazamana. Ndikumana akajibu polepole: "Tumebeba tumbo."

"Na kichwa?"

"Kichwa kilibaki kwao!"

Kwa wimbo ule hatua zikapatana. Kipoyi kikatulia kama mtoto mgongoni kwa mama yake, kikavuka kijito, kikashika barabara. Walipofika kwenye ubeti wa makalio, Libérat, kwa heshima, akauruka. Sévère akawasimamisha, akawaamuru waanze upya, na makalio yalipotajwa akacheka kuliko wote.

Wakafika zahanati kabla haijafungwa, na mguu ukapona. Baada ya miezi miwili Sévère alirudi chini ya mti wa mbele wa kipoyi, na alipokuwa zamu hakuna mgonjwa aliyeyumba.

Basi iandikwe, wasome na watakaozaliwa: mzungu yule alikikalia kipoyi miaka kumi na miwili akipiga makofi. Sévère alikikalia siku moja tu, naye ndiye wa kwanza aliyecheka mahali panapochekesha.