Msiba wa Maegesho

Wenseslaus alikuwa kibarazani, kikombe cha chai mkononi, akiwatazama mgambo wa manispaa wakifunga minyororo kwenye magurudumu ya majirani zake. Amri mpya ilikuwa imeanza kazi Moshi mjini: marufuku kuegesha gari kwenye mitaa ya makazi, asubuhi hadi jioni. Nani aliitunga hakujulikana, ila Mtaa wa Mfereji wote ulikubaliana kwamba mtu huyo hana gari.

Mgambo walifunga na kufunga mpaka wakakunja kona, wakakuta turubai la msiba. Hapo magari yalikuwa yamejazana pande zote mbili, moja limepanda hadi juu ya mtaro. Mkubwa wao alivua kofia, akatoa pole, na kundi zima likapita kimya na minyororo yake. Chai ilimpalia Wenseslaus. Alikuwa ameona riziki.

Nimweleze kidogo bwana huyu. Kazi hakuwa nayo, ila shughuli hazikumpungukia. Mtaji wake wote ulikuwa Harrier nyeusi. Kwa gari hilo aliitwa bosi baani na mheshimiwa kanisani, na kuna baba mkwe mtarajiwa huko Bomang'ombe aliyekuwa bado anamsubiri alete posa. Mjanja mwenye gari ni mfanyabiashara. Mjanja wa miguu ni mwizi tu. Chumba alichopanga hakikuwa na uwanja, Harrier ilishinda na kulala barabarani, asubuhi hiyo ilinusurika kwa bahati tu, na mnyororo mmoja ungetosha kummaliza.

Jioni majirani walikutana dukani kwa Mzee Anwar, muuza vifaa vya ujenzi, kuandika pingamizi. Mzee Anwar alikuwa na lori lisilokuwa na pa kukaa. Sikudhani, mwenye saluni, alikuwa na wateja wanaokuja na magari na kuondoka kwa miguu. Walikuwa wamebishana mpaka wakachoka, na barua ilikuwa haijavuka kichwa cha habari. Wenseslaus aliwaamkia, akaketi, akasikiliza kwa heshima zote.

"Wazee wangu," akasema, "pingamizi ni karatasi, na karatasi manispaa wanazo kuliko sisi. Mimi napendekeza msiba."

"Nani kafa?" akauliza Sikudhani.

"Bado hatujamchagua."

Akawaeleza. Hakuna mgambo duniani atakayefunga gari la mfiwa. Turubai likisimama, mtaa mzima umepona. Mzee Anwar alivutiwa kiasi cha kumtoa mama mkwe wake, ambaye kwa kweli alikwishafariki zamani, lakini Wenseslaus alitikisa kichwa kwa huzuni.

"Mzee, nisamehe, ila nyie Waislamu mnazika haraka mno. Mtu akifa asubuhi, alasiri yuko kaburini. Sasa tutaegesha saa ngapi? Hapa tunamtaka Mchaga, tena aliyefia mbali, mwili unasubiriwa."

Basi akawapatia Filemon, baba yake mdogo, aliyekwenda Zambia miaka mingi iliyopita na kwa alivyojua yeye hakuna aliyemsikia tena. Uongo mzuri hupandwa kwenye udongo wa kweli. Kila mwenye gari alichangia turubai, viti, na kitu kilichoitwa uratibu, ambacho kilikwenda kukaa mfukoni kwa Wenseslaus. Picha ya Filemon ikawekwa mezani na mshumaa. Mgambo walikuja, wakavua kofia, wakapita. Mtaa ulifurahi kuliko inavyofaa msibani, na Wenseslaus akaanza kuwauzia nafasi wafanyabiashara wa sokoni, kila mmoja akifunga kitambaa cheusi kwenye kioo cha gari na kuingia na sura ya majonzi.

Kilichomponza ni uangalifu wa Mzee Anwar. Mzee huyo hakuwahi kufanya jambo nusunusu. Aliona msiba usiotangazwa redioni utatiliwa shaka, akaenda mwenyewe kulipia tangazo: Filemon amefariki, Zambia, habari ziwafikie ukoo wote popote walipo.

Ziliwafikia. Kufikia adhuhuri magari yalikuwa yanashuka kutoka Kibosho, na kesho yake yakaja ya Arusha na Dar. Wanawake walishuka na mikungu ya ndizi, wanaume na madumu ya mbege, pombe ya ndizi. Mtaa wa Mfereji ulijaa mpaka lori la Mzee Anwar likashindwa kutoka lilipoegeshwa, na wateja wa Sikudhani wakahamia saluni nyingine. Wala hukuwa na wa kumshitakia, maana ni msiba. Siku ya pili Mzee Anwar aliichana barua ya pingamizi, akaanza nyingine ya kuwapongeza manispaa kwa hekima yao.

Mbele ya ukoo alikuwa Mama Bernadetha, mjane wa Kibosho, mama mzazi wa Wenseslaus. Aliikumbatia picha ya shemeji yake akalia kilio ambacho hata Sikudhani, aliyejua kila kitu, alijikuta analia naye. Wenseslaus alijiandaa kwa maswali. Mama hakuuliza hata moja. Aliuliza tu watu watakula nini, na kwa kuwa mfiwa ndiye mwenye kulisha, ule uratibu wote ukatoka mfukoni ukaingia kwenye sufuria za machalari.

Kisha ukoo ukaketi. Wazee walisema Filemon hawezi kulala ugenini. Mchaga huzikwa kwenye kihamba chake, katikati ya migomba ya baba zake. Mwili lazima uletwe. Kila mtu aseme anatoa nini.

Mama Bernadetha alisimama. "Mwanangu leo hana maneno, uchungu umemzidi," akasema. "Jana aliniambia, mama, baba mdogo ndiye aliyenisomesha. Nauli ya kumrudisha ni gari langu, lichukueni."

Wazee walikuja kumshika mkono, mmoja mmoja. Wenseslaus, ambaye hakuwa amemwambia neno kama hilo, alifungua kinywa. Aseme nini? Kwamba marehemu hajafa, mbele ya wazee wenye fimbo? Akakifunga. Alimkabidhi mama yake funguo, akiziachia kidole kimoja kimoja, na watu wakasema masikini, ni majonzi. Yalikuwa majonzi kweli, ya kwanza tangu turubai lisimame.

Haikupita wiki, Mama Bernadetha akautangazia ukoo kwamba habari zilichanganyika: aliyefariki ni Filemon wa watu wengine. Ukoo ulimshukuru Mungu, ukamaliza mbege, ukatawanyika. Turubai likakunjwa. Asubuhi iliyofuata mgambo walirudi na minyororo, na Mzee Anwar akawapokea kwa chai.

Wenseslaus alipanda Kibosho kwa bodaboda. Harrier ilikuwa kati ya migomba, karibu na zizi, imeoshwa vizuri, kuku wawili wamekaa juu yake. Alikwenda kwenye mpaka wa kihamba, akavunja tawi la isale, akalishika kwa mikono miwili akainamisha kichwa mbele ya mama yake. Anayekuja na isale hafukuzwi, hata awe amefanya nini, na mjanja alikuwa ameiweka akiba desturi hiyo.

Mama alilipokea. "Nimekusamehe," akasema. "Nilikusamehe siku ileile. Redio inamtangaza Filemon, mwenyewe yuko kwenye simu ananiuliza bei ya kahawa. Anakusalimia. Hunipigia kila Jumapili baada ya misa. Wewe hujui, kwa sababu wewe hunipigii."

Wenseslaus aliona aibu, aibu halisi, ambayo hakuwa ameizoea. Kisha, kwa sauti ya mtoto mwema, akauliza funguo ziko wapi.

"Msamaha ni wa isale," mama akajibu. "Gari lilitolewa msibani, na cha msibani hakirudi. Magoti yangu yamechoka kwenda kliniki kwa miguu. Au unataka niwaeleze wazee vizuri?"

Hakutaka. Mama alichukua jembe, akachimba shimo dogo nyuma ya gurudumu, akalipanda lile tawi na kulishindilia udongo kwa kisigino. Mchaga yeyote anajua kwamba isale likishapandwa ni mpaka, na mpaka haung'olewi. Mnyororo wa manispaa angalau una faini yake, ukilipa unafunguliwa.

"Ukilikumbuka gari, njoo Jumapili," mama akasema, akirudisha jembe mahali pake. "Huku maegesho ni bure."