Mpaka wa Jasini Uliosahau Kuufuta

Ndugu Mhariri,

Asalaam aleikum. Barua hii si yako, ni ya Mwingereza, ila anwani yake sina. Nakuomba umfikishie. Ukiisoma njiani si vibaya, hata jirani yangu Kache ashaisoma.

Bwana Mwingereza,

Mimi ni Mwanafatuma wa hapa Vanga, mzima kabisa, ila nina malalamiko. Yusra, mtoto wa dadangu, anaolewa Ijumaa huko Jasini, upande wa Tanzania, na somo wake ni mimi. Bila somo bi harusi hafundwi, hasingwi mwili kwa manukato, hatoki ndani. Juzi nilibeba liwa na udi wangu, nikarudishwa na askari mpakani kwa sababu sina karatasi. Na Jasini si mbali, adhana yao naisikia nikiwa jikoni. Sasa nisikize.

1. Bibi yangu aliniambia mpaka huu mliuchora wewe na Mjerumani, mkatugawana kama papai. Haya, mlikuwa wawili, kila mtu ajue chake.

2. Halafu mkapigana, ukamshinda, na papai lake ukalichukua. Ukakaa nalo miaka arubaini na kitu. Huku wewe, kule wewe. Sasa mpaka ulikuwa wa kumzuia nani? Ulikuwa wajiogopa?

3. Nasikia wakubwa wenzako walikuambia kule si kwako, umepewa uangalie tu. Bwana, mtu hupewa mbuzi wa amana, akamkama, akamtia alama yake, halafu akiambiwa amchanganye na wake aseme haifai, huyu si wangu?

4. Bibi alisema maakida waliokuwa wakitandika watu kwa niaba ya Mjerumani uliwaacha palepale, wakatandika kwa niaba yako. Viboko uliweza kuviunganisha, ndugu na ndugu ukashindwa.

5. Niangalie mimi. Mke mwenzangu Mwanarusi alipoachika, upande wake wa ua niliuchukua mimi. Siku ileile uzio nikang'oa, wanawe wakawa wangu, tukala sufuria moja. Shule niliishia darasa la tatu, lakini kutawala nimekushinda.

Basi naomba uje na kifutio kabla ya Alhamisi, siku ya kumsinga Yusra. Usipokuja, mtoto ataolewa hajafundwa, na lawama nitakutupia wewe, si yule askari.

Nisalimie wote nyumbani kwako, wakubwa shikamoo, na Mjerumani pia kama mshapatana.

Ni mimi niliyezuiwa,
Mwanafatuma

Nimesahau: ukija, pitia nyuma ya msikiti, usipite uani kwangu na hicho kifutio. Mwanarusi atakuambia uzio wangu bado upo. Upo, nimeutia makuti mapya tu, ulikuwa umechakaa. Binti yake Twaiba anaolewa mwezi ujao, yumo upande ule, na mlango wa kuingilia ni wangu. Mamake anataka kuja kumsinga. Sikumkataza, bwana. Nimemwambia tu alete karatasi.