Paneli Sita Chini ya Kitanda

Jumanne, 4 Machi
Ofisi ya umeme imejibu. Paneli za jua za Mama haziwezi kuungwa kwenye laini, kituo cha umeme cha mtaa kimejaa. Paneli sita! Nimezilalia tangu Januari kama kuku anayeatamia mayai viza. Mama amesema bili inamtafuna. Bila paneli, duka lake la ushonaji halifiki Juni.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwepa mpira, nimesoma maktabani. Nyaya zikigusana, umeme hufurika kama bwawa lililopasuka, na swichi kubwa ya kituo lazima iukate. Kila kinachoungwa huongeza furiko. Paneli huongeza kiduchu. Mota kubwa huongeza mno. Na nani ana mota kubwa? Mwenye mashine ya kusaga, baba yake Bingwa, mwanafunzi mwenzangu anayenipita kila mtihani kwa alama mbili. Mungu si Athumani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeiandikia ofisi kwamba msagishaji ameficha mota mpya. Mkono wa kushoto. Sahihi: Raia Mwema. Karatasi nimeichana ya kwanza niliyoiona dukani, maana Mama alikuwa anarudi.
Shuleni, Bingwa aliona nimekosa kipindi cha fizikia akaniazima daftari lake. Sikumshukuru.

Jumatatu, 10 Machi
Injinia wa ofisi ya umeme amekuja na barua yangu. Mota ya msagishaji imeandikishwa, mihuri yote ipo. Ila ilibidi akague na kituo, akakuta swichi ni kuukuu na dhaifu kuliko makaratasi yanavyodai. Haungwi mtu mpaka ibadilishwe. Labda mwakani.
Kisha akaingia dukani kwetu. Akamweleza Mama kwamba alikuwa amepata njia: kukigawa kituo sehemu mbili ili furiko lipungue. Jina la Mama lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Angetia sahihi leo mchana, lau si ukaguzi huu.
Akasema Raia Mwema ameokoa kituo kisilipuke. Hakuna aliyempigia makofi. Akaweka barua mezani, akaigeuza. Nyuma, kwa mwandiko wa Mama: kifua 44, kiuno 46, mteja hataki kubanwa.
Mama alisoma pande zote mbili, polepole.
“Raia Mwema,” akaniambia, “njoo ushike pasi.”

Jumatano, 12 Machi
Mama hasemi nami ila kwa inchi. Jana cherehani moja imebebwa na mnunuzi. Alifuta vumbi pale ilipokuwa, akafuta tena, ingawa hapakuwa na vumbi. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamuuliza kama kuna vifungo vya kupanga.

Alhamisi, 13 Machi
Nimejichunguza kwa uaminifu, bila kujihurumia. Kosa nimeliona: karatasi.
Kwa hiyo leo namwandikia mkubwa wa yule injinia, kwamba kijana wake ameilalia swichi mbovu miaka yote, na ibadilishwe mwezi huu huu. Mkono wa kushoto tena, umeshazoea. Ila sigusi tena kitu cha Mama. Natumia daftari la Bingwa. Kurasa za katikati huchomoka bila kuacha alama. Nyuma ya kila ukurasa kuna muhuri mdogo wa mashine ya baba yake, lakini nani husoma nyuma ya barua?