Tochi Iliyouza Uyoga Wangu

Jumatano, 14 Januari 2026
Mtaa mzima wa Kizwite unasimulia vibaya. Eti jirani yangu Polikarp kanizidi ujanja. Polikarp! Huyo hata kuku wa kutaga anamzidi. Nimenunua daftari niandike kweli. Shule nilichungulia dirishani tu, lakini kalamu inanijua.
Iko hivi. Nina kichuguu changu kule mlimani Mbizi. Mvua ikishiba, kinatoa uyoga kama miavuli. Miaka thelathini nakijua peke yangu, hata mke wangu Cornelia hakijui. Jumapili jumuiya inampokea paroko mpya, na nimetangaza mbele ya watu: uyoga wa karamu naleta mimi. Jumatatu nilikwenda kukagua, uyoga bado vifungo, haujafunguka. Leo nimefika, kimenyolewa! Nyayo za ndala, kisigino kimelika upande. Ndala za Polikarp.
Nani kamwambia? Mimi sikusema. Basi ni simu, nilikwenda nayo Jumatatu.

Alhamisi, 15 Januari
Kwa Kauthar, fundi simu pale sokoni. Akaniamkia, akaichungulia simu, akaguna. Akauliza, babu, tochi hii uliyoipakua humu inataka majina ya watu wako na mahali ulipo ya nini? Nikasema iliomba, nikabonyeza Ruhusu. Mgeni akibisha hodi utamfukuza? Akacheka mpaka akashika meza. Akaifungia tochi ruhusa hizo, akasema nyingine niziache.
Niziache! Nimefika nyumbani nimekataa zote. Kamera, kataa. Maikrofoni, kataa. Majina, kataa. Sasa hii simu ni kipofu, kiziwi, haimjui mtu. Safi!

Ijumaa, 16 Januari
Tangu asubuhi napigiwa na namba tupu, haina jina. Wapelelezi wa Polikarp! Nimekata mara sita. Mara ya saba nikazima.
Mchana kaja Monika, mwenyekiti wa jumuiya, anahema kwa hasira. Kumbe ni yeye. Alitaka kujua uyoga upo au haupo. Kwa kuwa namkatia, kazi kampa Polikarp. Polikarp! Cornelia akasema nimegombana na mashine nikashindwa. Nikamwambia mashine ndiyo ilianza.

Jumamosi, 17 Januari
Kauthar tena. Kaichimba simu, kanitazama kwa huruma. Tochi haina kosa. Jumatatu nilitaka kulirushia kundi la jumuiya picha ya vile vifungo, nijisifu kidogo. Nikabonyeza pasipo picha, nikawarushia mahali nilipo, moja kwa moja. Watu arobaini wakaniangalia nikitambaa kwenye ramani kama siafu, mpaka kichuguuni. Polikarp alijibu kwa dole gumba. Nami nilimshukuru!
Sikukata tamaa. Simu nikaiacha kwenye debe la unga, nikapanda Mbizi mikono mitupu. Nimepata kichuguu kingine. Kikubwa zaidi!

Jumapili, 18 Januari
Nimeingia na kapu limefurika. Kasufuria ka Polikarp kakaona aibu. Paroko kala, kaomba sahani ya pili, ya tatu. Watu wakauliza, mzee, huu umeutoa wapi? Nikasimama. Nikawaambia hapa hakuna simu iliyosikia, hakuna atakayepajua, kwa sababu nilipita nyuma ya mikaratusi, nikavuka kijito, nikakata kushoto kwenye jiwe lililopasuka, hatua mia tu. Simu haijui kitu! Wakapiga makofi. Polikarp alipiga kwa nguvu kuliko wote, halafu akaaga mapema. Wivu huo.
Ila daftari ni langu, nisilidanganye. Paroko alikula sahani moja.